Simulation ya mafuriko iliyoona kilima ambacho Bujonde hatuna

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Niko sekondari, mambo yangu huwa naishia kuyaandika kwenye diary. Hili nimeona nilitoe, na sijaongeza chumvi.

Nyumbani ni Bujonde, Kyela. Masika maji yanaingia mpaka sebuleni, kwa hiyo baba akaamua tujenge upya. Viwanja viwili: kimoja kando ya barabara, kingine katikati ya shamba letu la kokoa. Moyo wake ulikuwa kwenye kokoa. Kuna kivuli, hakuna vumbi.

Kaka yangu wa chuo aliniachia laptop yenye software ya simulation. Unaipa ramani ya miinuko iliyopimwa na setilaiti, unaipa mvua, inakuchezeshea mafuriko kama video. Maji yanang'aa, yana mpaka mawimbi.

Nikafanya ya kwetu. Mpunga wote ukazama, kiwanja cha barabarani kikaloa kidogo, shamba la kokoa likabaki kavu kama kisiwa.

Baba akamwita fundi. "Njoo uone, binti yangu kamaliza kazi!" Tofali zikaanza kusombwa kutoka barabarani kwenda kwenye kokoa.

Sifa zilininogea, sikatai.

Kesho yake nikaitazama tena peke yangu. Kitu kikanikera. Kile kisiwa kilifuata mpaka wa shamba letu, kona kwa kona. Ardhi gani inainuka kwa kufuata mpaka wa mtu?

Nikaenda shambani. Tambarare tupu, na chini ya majani makavu ni tope. Ndipo nikaelewa. Setilaiti inatazama kutoka juu, ilipima vichwa vya mikokoa na miti ya kivuli, software ikadhani ndiyo ardhi.

Nikatoa urefu wa miti kwenye ramani, nikaichezesha upya. Kokoa ikazama kabla ya barabara.

Sasa wakuu, mimi kuongea mbele ya watu ni adhabu. Nilikuta fundi na vibarua wameshavuta kamba za msingi. Nikasema setilaiti ilipima juu ya miti, siyo ardhi; hawakusikia, ikabidi nirudie.

Fundi akacheka. "Kwa hiyo tukajenge juu ya mti kama nyani?"

Baba hakucheka. "Una uhakika au unabahatisha?"

"Maji yanapita hapo uliposimama, baba."

Akasugua chini kwa kiatu, tope likatokea. Akaanza kukunja kamba mwenyewe.

"Mzee, tofali zote hizi?" fundi akauliza.

"Zirudi barabarani." Kisha akanigeukia, "Ndaga." Ndiyo asante yetu.

Nilichojifunza: animation kuwa nzuri haimaanishi ni kweli. Uliza kwanza imepewa nini.

Ila urefu wa miti niliukadiria kwa macho tu. Mwenye kujua ramani ya bure iliyoondolewa miti, au mtu wa Ipyana, huku huku Kyela, aliyewahi kupima miinuko ya shamba lake, naomba aniambie hapa kabla hatujamwaga zege.