Samaki wa Mwisho wa Safari

Dereva wa lori waliyemwita Breki alikuwa na mazoea yake. Kila alipomaliza safari ya barabara ya pwani, kabla hata ya kunawa uso, alikwenda soko la samaki kumtafutia mkewe changu wa kurudi naye kwenye barafu. Alimwinua mmoja, akapiga simu nyumbani na kueleza: macho yako hivi, mashavu yako vile. Mkewe alikuwa haridhiki upesi.

"Huyo si wa leo, mwache."

"We mwanamke, umemwonea wapi?" Breki alifoka, lakini alimrudisha.

Leo, safari ya kwanza tangu amzike mkewe, aliinua changu, akafunua mashavu, na mkono wa pili ukajiingiza mfukoni kutafuta simu. Ukabaki humo humo.

"Nifungie huyu huyu," akasema. "Hakuna tena wa kumkataa."

Mama muuza samaki, aliyesikiliza ugomvi ule miaka nenda rudi, akampokonya yule samaki.

"Huyo si wa leo, shemeji. Mwache."

Breki akainama kutafuta mwingine, polepole, kama mtu asiyetaka kumpata.