Mierezi Juu ya Jiko la Mama

Nikisikia mtu akisema kwamba kupanda miti hakujawahi kumdhuru yeyote, damu inanichemka. Mimi nimepanda miti na nikamdhuru mtu, tena mchana kweupe, nikiimba, nimevaa fulana ya kujitolea.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wa kanisa moja, nje kidogo ya Eldoret ukielekea Moiben. Kila Jumamosi tulipanda miti ya kienyeji kando ya kijito ambacho watu walikuwa wamelima kingo zake hadi maji yakaanza kupungua. Wengi wetu tulikuwa wenyeji. Kitalu kilikuwa kwa Mama mmoja aliyetoka pande za Kisumu akiwa msichana, akafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, kisha akanunua ploti ndogo jirani na kijito. Yeye ndiye aliyetufundisha kuotesha mierezi kwenye pakiti za maziwa, na ndiye aliyeimwagilia maji siku zile sita ambazo sisi hatukuonekana. Tukimaliza kazi alitupikia chai kwenye sufuria kubwa ambayo sikio lake moja lilikuwa limefungwa kwa waya. Sufuria hiyo ilizunguka mtaa mzima kwa harusi na matanga. Hata kwangu ilikuja, baba alipofariki.

Baada ya uchaguzi wa 2007, makabila yalipogeukiana, nyumba yake ilichomwa. Sikuichoma mimi, na sentensi hiyo nimeisema mara nyingi mno. Mama alikimbilia kituo cha polisi, halafu kambini kwenye uwanja wa maonyesho, halafu tukaambiwa amerudi kwao. Kwao! Kana kwamba miaka yote ile alikuwa amepita tu kutusalimia.

Mvua ya Aprili ilipoanza, mwenyekiti wetu alituita. Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba na hakikuungua. Miche ilikuwa imekua ikapita kimo cha kupandwa.

"Hii ploti imekaa tu bure," akasema. "Badala ya kuangalia majivu kila siku, si tupande miti? Hata Mungu atafurahi."

Huku kwetu kila mtu anajua mti ni nini. Watu wakigombania shamba, kabla hata karatasi hazijatolewa, wazee wanauliza miti hii ilipandwa na nani, maana aliyepanda ndiye mwenye shamba. Sote tuliosimama pale tulijua. Nilijua mimi, mwalimu mzima. Nikachukua jembe.

Nilipewa upande wa jikoni. Jembe likagonga chuma. Nikainama, nikafukua kwa vidole, nikaona sikio na ule waya. Nikarudisha udongo, nikapanda mwerezi papo hapo, nikaushindilia kwa kisigino. Kisha nikaendelea kuimba na wenzangu.

Mwaka uliofuata Mama alirudi, makubaliano yake ya kununua ploti ameyakunja ndani ya Biblia. Mwenyekiti akamwambia mbele ya chifu na umati, bila haya, "Mama, hapa sasa ni msitu wa jamii. Mazingira ni ya watu wote. Ama wewe hupendi mazingira?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho kinanikera hadi leo. Walikuwa wanamcheka mtu aliyeotesha kila mche uliokuwa mbele yao.

Chifu akanigeukia. "Mwalimu, wewe si ndiye katibu? Hii ploti ilikuwa na mwenyewe?"

Nilimtazama Mama na ile Biblia yake. Nikasema, "Ilikuwa na mwenyewe. Ni huyu Mama. Na sisi wote tulijua."

Mwenyekiti akaniita msaliti kwa lugha yetu, ili Mama asielewe. Mama alielewa vizuri sana. Alikuwa ameishi nasi miaka hiyo yote.

Ploti ikarudi kwake. Jumamosi iliyofuata nilienda peke yangu kuing'oa miti. Wenzangu walisema eti watu wa mazingira hawang'oi miti. Wanafiki wakubwa! Niliihamisha mmoja mmoja hadi ukingo wa kijito, mahali ilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Mama aliketi kwenye jiwe la msingi wa nyumba yake, akanitazama. Jua lilipopanda, nilikuwa nimeanza kujiona mtu mwema.

Ule wa jikoni niliuacha wa mwisho. Ulipotoka, sufuria ilitoka nao, mizizi imekamata lile sikio la waya. Mama akainuka, akaichukua, akaikung'uta udongo, akaigeuza huku na huku.

"Mwalimu," akasema, "siku ulichimba hapa, uliiona?"

Nikamwambia niliiona.

Akaenda nayo kijitoni kuiosha. Alijenga tena, na bado tunaketi kanisa moja. Chai yake sijainywa tena.