Mawaridi Juu ya Vinyungu Vyangu

Uvumilivu uliniisha siku nilipomkuta mwalimu wetu wa uchoraji, memsahib mmoja wa pale Iringa, akipaka mawaridi juu ya picha yangu ya maonyesho. Nilikuwa nimechora kwa rangi za mafuta bustani ya mama yangu bondeni: vinyungu, yale matuta yetu ya kiangazi, vimejaa mahindi na maboga.

"Mama, hii ni shamba tu," aliniambia. "Bustani lazima iwe na maua."

"Kwenu, memsahib. Kwetu bustani inaliwa."

Wenzangu walicheka. Mwanangu mgongoni akaanza kulia, nami sikumbembeleza. Nilichovya kitambaa katika tapentaini nikayafuta mawaridi yake. Yalikuwa mabichi, yakatoka yote. Rangi yangu ilikuwa imekauka wiki nyingi, haikutikisika. Maboga yakabaki yanang'aa.

Nikaibeba picha hadi kwa bwana maendeleo, msimamizi wa darasa, nikaandika mbele yake: "Nalalamika kwamba mwalimu amechora juu ya kazi yangu bila ruhusa. Naomba itundikwe kama nilivyoichora, kwa jina langu, na mwalimu apelekwe bondeni akaone kinyungu."