Bwana Mdogo Hakuwa Mwingereza

Nilipoona karani ameandika jina la mfalme wa Uingereza kwenye nafasi ya jina la baba yangu, niliipiga meza yake kwa kiganja mpaka mihuri ikaruka. Mtoto mgongoni akashtuka, akaanza kulia. Foleni yote ikageuka kutazama.

"Nani kakwambia hili ni jina la baba yangu?"

"Dada, tulia," karani akasema. "Fomu haipokelewi ikiwa na nafasi tupu. Si ulisema alikuwa Mzungu? Nimekusaidia."

"Umenisaidia! Na ya kwako ikiwa tupu tukuandikie chifu?"

"Binti mfalme," mtu akasema nyuma yangu, "pisha na sisi tuhudumiwe."

Wakacheka. Karani akasema kwamba hata hivyo imeshaingia kwenye faili.

Jina la baba yangu nilianza kulitafuta alipozaliwa mtoto wangu wa pili wa kiume. Kwetu Uchagani, wa kwanza hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Hakuna mjadala. Kaka yake alipata lake kabla kitovu hakijakauka. Huyu alifikia umri wa kukaa mwenyewe akiitwa Mtoto tu, na mama mkwe, pale kijijini kwao Mkuu, alikataa abatizwe. Mtoto akilia sana, mama mkwe alisema ni babu yake anadai jina. Sina ubaya na mama mkwe. Ndiye aliyenipikia mtori wa ndizi na nyama wakati wote wa uzazi. Lakini kila asubuhi shikamoo yangu ilijibiwa hivi: "Marahaba. Jina je?"

Baba yangu alikuwa Mwairishi, msimamizi msaidizi kwenye shamba la kahawa upande wa Sanya Juu. Mama yangu alikuwa akifua nguo nyumbani kwake. Baba aliondoka kabla sijajua kutembea, na hakurudi. Nilikwenda Kirua Vunjo kwa mama kumwuliza jina. Akanitazama kama nimeuliza jambo la aibu.

"Bwana Mdogo."

"Hicho ni cheo, mama. Nataka jina."

"Meneja alikuwa Bwana Mkubwa, yeye Bwana Mdogo. Ndivyo tulivyomwita."

"Hata ndani?"

"Hata ndani."

Alizaa naye mtoto na hakuwahi kumwita jina. Sikujua nimkasirikie nani. Jambo moja alilikumbuka vizuri: ukimwita Mwingereza, masikio yake yaligeuka mekundu.

"Alisema kwao ni Ayalandi, na Waingereza waliwanyang'anya mashamba. Nikamwuliza, sasa wewe hili la kwetu unalifanyia nini? Akacheka. Akasema yeye kaajiriwa tu."

Shamba lenyewe lilikuwa limeshataifishwa. Ndugu niliyemkuta ofisini, mtu mpole kabisa, alinieleza kwamba karatasi za wakoloni walizitoa kwa mama wa mgahawa, akafungia maandazi mpaka zikaisha. Nikashuka Moshi, ofisi ya wilaya. Huko mafaili ya wageni yalipangwa kwa majina, tena Waairishi wa zamani wamechanganywa humo humo na Waingereza. "Lete jina, tutafute," wakaniambia. Ningekuwa nalo ningefuata nini pale? Wakanipa fomu ya cheti changu cha kuzaliwa, maana sikuwa nacho. Nikaijaza, nafasi ya baba nikaiacha, karani akaahidi kupekua mafaili.

Wakati nikisubiri, nilimwendea padre mmoja mzee wa misheni, Mwairishi. Alinikaribisha chai. Naye akaanza pale pale: nilete jina, na parokia aliyobatiziwa baba yangu, aandike barua kwao.

"Baba, hilo jina ndilo ninalotafuta."

Akatikisa kichwa. Akasema hata ningekuwa nalo nisitegemee sana. Vitabu vingi vya kwao viliungua wakati wa vita vyao, na vilivyobaki vimejaa majina yale yale. Kijiji kizima babu, mjukuu na binamu jina moja.

"Mbona hambadilishi?"

"Hatuwezi. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba wa baba yake. Wa pili..."

"Jina la baba wa mama yake," nikamalizia.

Padre akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia?"

"Ndivyo tunavyofanya sisi."

Yeye alifurahi. Mimi niliondoka chai yangu sijaimaliza. Maana yake Bwana Mdogo alijua. Alijua vizuri kabisa jina la mtu linangojwa na nani, na bado akafunga masanduku yake akaondoka bila kuliacha. Mama hakuweza kuuliza. Yeye hakushindwa kusema.

Kwa hiyo siku ile ya mfalme nilifika Mkuu nimevimba kwa hasira. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi.

"Jina limepatikana?"

"Wameandika la mfalme wa Uingereza. Yule wa kwenye sarafu za mkoloni zenye tundu."

Akamenya ndizi nyingine, taratibu. "Mtoto huyu alipozaliwa, nani alituletea mbuzi?"

"Babu yangu. Baba yake mama, kutoka Kirua."

"Mfalme hakuleta?"

"Hakuleta."

"Basi abaki na sarafu zake. Mtoto atachukua jina la mwenye mbuzi."

Jumapili iliyofuata akabatizwa. Mume wangu akasema haya, yamekwisha. Hayakwisha. Lile faili lilikuwa bado linasema uongo, na wajukuu wangu wangekuja kutafuta kama nilivyotafuta, waishie kwa mfalme. Nikaandika barua, nikaipeleka kwa mkono wangu, sikuondoka mpaka nakala yangu ilipopigwa muhuri.

*Ndugu Mkuu wa Wilaya,*

*Ninalalamika kwamba karani wako ameandika katika fomu yangu jina la baba ambalo si la baba yangu. Baba yangu hakuwa mfalme, wala hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mwairishi, msimamizi msaidizi wa shamba, akijulikana kwa cheo cha Bwana Mdogo. Jina lake silijui, na ofisi yako hailijui. Naomba lililoandikwa lifutwe na nafasi iachwe tupu. Kama utaratibu hauruhusu nafasi tupu, naomba utaratibu ubadilishwe, kwa sababu nafasi hiyo ni tupu kweli.*