Kuku wa Waya Wanaosubiri Salamu

Wapita njia wa Johannesburg waliwapigia makofi kuku wa waya aliowauza Tapfumaneyi kando ya barabara, wasitikise hata mkia. "We Mzimbabwe, kuku wako wana kideri!" walimcheka. Alikuwa amewatengeneza wacheze wakisikia makofi ya salamu ya wanawake wa kwao, viganja vimekunjwa kama bakuli, vile mama yake alivyopiga. Hata yeye hawakumwitikia, kwa kuwa wanaume wa kwao hupiga viganja vimenyooka.

Asubuhi moja mama mfagiaji wa barabara aliweka ufagio chini, akachutama, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu. Kuku wote wakainuka, wakacheza.

"Mama, umejuaje?"

"Nijue nini? Nimewakuta wamekaa, mwanangu. Ningewapitaje bila salamu?"

Tapfumaneyi akakaa chini kando ya kuku wake. "Rudia, mama," akasema. "Safari hii nisalimu mimi."