Kangaga Katika Ufa wa Jabali

Usiku ule wa kuamkia siku ambayo wifi yangu angemchukua Naomi kwenda naye Moshi, nililala bila hata kubadili nguo. Binti yangu alikuwa hajatamka neno tangu tumzike baba yake. Alikula akilishwa, alioga akiambiwa, basi. Wifi alisema mtoto akibaki huku milimani kila jiwe litamkumbusha marehemu. Afadhali ahamie mjini, achangamane na wenzake. Nilikuwa nimechoka. Nikakubali.

Nilimsikia mume wangu akikohoa jikoni, kile kikohozi chake cha kusafisha koo, si kile cha ugonjwa. Nikainuka. Alikuwa amechuchumaa akipuliza moto, amenipa mgongo. Sikuogopa. Nilitaka kumwambia kuni ni mbichi, lakini jiko halipo tena; tuko juu kabisa, kwenye jabali alikokuwa akichungia mbuzi, na jua ni kali.

Anatangulia, namfuata. Miguu yangu inaliza changarawe, yake hailizi. Anasimama mbele ya ufa mwembamba kwenye mwamba. Humo limejibana kangaga dogo, ule mmea wa mawemawe usiotoa maua, ambao mvua ikinyesha majani yake hufunguka kama manyoya ya kifaranga. Sasa limekauka. Limejikunja, rangi ya tumbaku.

"Limekufa," nasema.

Nalishika niling'oe nikalipande nyumbani, kwenye kopo. Ananizuia mkono. Kiganja chake kina joto, nami naanza kulia, maana nakumbuka kilivyokuwa baridi siku ile.

"Limeshika hapa, Mama Naomi. Ukiling'oa utaondoka na majani tu."

Mara tuko kanisani, benchi la nyuma. Watu wanaimba na sauti haitoki. Naomi amekaa katikati yetu, mdogo kuliko alivyo, viatu havigusi sakafu. Mvua inaingia kupitia paa, inamlowesha baba yake peke yake, na ukuta wa kanisa ndio lile jabali, na kangaga linajikunjua taratibu, jani kwa jani, kijani kibichi.

"Na mvua ikichelewa?" namuuliza.

"Kaa naye."

Hakusema "nalo". Alisema "naye". Nikageuka nimuulize vizuri, nikakuta nimeukumbatia mto na nje kumepambazuka.

Wifi alikuwa tayari mezani, anakunywa chai, mkoba miguuni.

"Naomi haendi," nikamwambia.

"Jana si tulikubaliana? Huyu mtoto anazidi kunyamaza, wewe unamwangalia tu!"

"Nitamwangalia hivyo hivyo. Nimemwota kaka yako."

Akaweka kikombe chini. Nikamsimulia yote, jikoni, jabali, kanisa. Alinisikiliza bila kunikatiza, yeye ambaye hukatiza hata sala.

"Alikuwaje?" akauliza mwishowe.

"Mzima. Amenenepa kidogo."

Akatazama dirishani. Msibani alikuwa ndiye anayepika, anayepokea wageni, anayetufuta sisi machozi. Sikuwahi kuona yake.

"Hakuniulizia mimi?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Naomi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Akaja polepole, akanipita mimi mama yake, akapanda mapajani mwa shangazi yake na kumfuta mashavu kwa kiganja.