Madirisha ya Upande wa Ziwa

Nasema wazi: jengo lile nililivua na kulivika upya mimi. Leo ukipita pale saa tatu asubuhi, jua likiwa juu ya ziwa, utakunja macho kwa jinsi linavyong'aa. Wenzangu wa kazi ya aluminiamu huniambia nipunguze majivuno, nami huwajibu kwamba nitapunguza nikizeeka. Lakini katika kazi ile kuna kosa moja ambalo huwa silisimulii tukikaa pamoja kujisifu, na hilo ndilo ninaloliandika hapa.

Kwa mtu wa Kinshasa, jengo la ofisi la ghorofa nane si kitu cha kupigiwa kelele. Kwetu Bukavu ni mnara. Lilijengwa enzi za Wabelgiji, likavishwa vigae vidogo vya kijani, na vigae hivyo vikachoka kabla ya kuta. Kimoja kiliachia, kikaanguka ndani ya beseni la mama muuza sambaza barabarani. Mama yule alipanda nacho kwa miguu hadi kwa wakili wa ghorofa ya juu kabisa, maana lifti ilikufa zamani, akakiweka juu ya meza ya wakili na kudai samaki wake. Mji mzima ulicheka, ila mwenye jengo hakucheka, kwa sababu alijua kigae cha pili kingeweza kuangukia kichwa. Ndipo akatafuta watu. Lifti na nyaya za umeme alimpa fundi mwingine, na nje yote, yaani mabamba ya aluminiamu na vioo, alinipa mimi. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza tangu niache karakana ya watu na kufungua yangu.

Mwenye jengo alikuwa mtu wa rika langu, mkazi wa Muhumba, mtaa wa matajiri, aliyerithi jengo kutoka kwa baba yake. Alivaa vizuri na alisema machache. Wafanyakazi walimwita Patron. Siku ya kwanza nilimuuliza rangi ya mabamba, akasema kijivu. Jioni, kwa kuwa rangi ikishaagizwa hairudi, nikamuuliza tena mbele ya watu wangu wote. Akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Maman, nilishakwambia. Injeniere mwenye anajua kazi yake anauliza mara mbili?"

Watu wangu mwenyewe, ninaowalipa mimi, walicheka. Nilitabasamu kwa meno tu. Moyoni niliapa kwamba mtu yule sitamuuliza kitu mara mbili tena, hata kama jengo litashika moto.

Sasa nieleze jengo lilivyokaa, maana bila hilo hutanielewa. Bukavu ni mji wa miteremko. Jengo lina mlango mmoja kwenye avenue ya juu, wanakoingia mawakili na wateja wao, na mlango mwingine kwenye barabara ya chini, upande wa ziwa, wanakoingia wabeba mizigo na sisi watu wa kazi. Ukisimama juu unahesabu ngazi tano za madirisha. Ukisimama chini unahesabu nane, kwa kuwa tatu zimejificha chini ya avenue. Mimi na watu wangu tuliingilia chini kila siku. Huko ndiko lori lilikoshusha mabamba, na huko ndiko tulikosimamisha miti ya mikaratusi kutoka Walungu kuwa ngazi zetu za nje. Mvua zilipoanza, miti ile mibichi ikaota majani, tukawa tunafanya kazi ndani ya bustani.

Mkataba ulisema madirisha yote yapate vioo vipya, isipokuwa ya ghorofa ya pili upande wa ziwa, ambayo yafunikwe kwa mabamba, yasiachiwe hata tundu. Nilihesabu kuanzia mlangoni kwetu: ya chini, ya kwanza, ya pili. Ghorofa ya pili ilikuwa karakana ya mshonaji.

Mshonaji huyu alikuwa mama wa makamo, mnene, mpole wa sauti, mwenye mikasi mikubwa iliyoning'inia shingoni kwa utepe. Alishona magauni ya komunyo ya kwanza na kanzu za wahudumu wa misa, pamoja na wanawake wawili waliomsaidia. Wateja wake waliingilia avenue na kushuka ngazi moja. Kazi yake yote ilikuwa nyeupe juu ya nyeupe: uzi mweupe, kitambaa cheupe, mshono usioonekana. Umeme wetu mnaujua. Kilichokuwa kinamlisha yule mama ni mwanga wa madirisha sita yanayotazama ziwa.

Nilishangaa, sikatai. Nilijiuliza kwa nini mtu amfunike mshonaji kama jogoo chini ya kapu. Swali lilikuwa la dakika moja tu: kupiga simu Muhumba na kuuliza. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikajipa jibu mwenyewe, na lilikuwa jibu zuri sana: matajiri ndivyo walivyo, anamtoa kwa ujanja ili apangishe mtu mwenye pesa zaidi. Nilimchukia kwa siku kadhaa na nikajiona mtu wa haki.

Mama mshonaji alijitokeza kwenye dirisha lake siku tulipoanza kupandisha mabamba. Aliyatazama yakipita mbele ya uso wake.

"Maman injeniere, hizi manjanja ni za fasi gani?"

Manjanja ni mabati ya kuezekea. Kwa aluminiamu niliyoingoja miezi, hilo lilikuwa tusi.

"Si manjanja, maman. Na ni za huku kwako. Etaji ya pili, iko mu kontra."

"Zitafunika madirisha?"

"Zote sita."

Mikono yake ilishika ukingo wa dirisha.

"Ni Patron alisema?"

"Alisema na aliweka sinyatire."

Nilitegemea kilio, au matusi, au angalau safari ya hasira hadi Muhumba. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Sawa, maman," akarudi ndani. Siku iliyofuata tulipigilia bamba la kwanza, na kesho yake la pili, na yeye alikuwa anasogeza cherehani zake kwenye dirisha lililobaki wazi. Tulipofika la nne, aliacha kusogeza. Niliona wanawake wake wanakunja vitambaa na kufunga cherehani kwa kamba. Mmoja aliniambia kwamba maman anahamia kwa mdogo wake, Walungu, na lori litakuja Ijumaa. Walungu watoto wanapata komunyo kama kwingine, lakini huko kila parokia ina mshonaji wake, na yeye angeanza upya akiwa na umri ule.

Nilijisikia vibaya. Hata hivyo nilimwambia fundi wangu aendelee, kwa sababu mkataba ni mkataba.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha alfajiri kama iliyotumwa. Barabara ya chini ilijaa matope na mawe, nikalazimika kuingilia avenue nikiwa nimebeba boksi la ribiti, zile pini za kushikia mabamba. Mlangoni alikuwapo mlinzi ambaye hakunifahamu, maana kwa miezi yote ile sikuwahi kupita kwake.

"Unaenda etaji gani, maman?"

"Ya pili."

"Panda mara mbili, mulango ya kushoto."

"Papa, ya pili iko chini."

Alicheka kwa huruma, vile mtu anavyomcheka mgeni.

"Chini kuko etaji? Chini ni chini tu. Etaji inaanzia hapa."

Kama angeninyamazia, ningeshuka zangu. Lakini mtu akicheka kazi yangu lazima nimwonyeshe. Nikapanda ngazi ya kwanza, nikapanda ya pili, nikiwa tayari na maneno ya kumrudishia. Ukutani, kando ya mlango wa kushoto, palikuwa na namba mbili iliyochorwa kwa rangi nyekundu, ya miaka mingi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na rafu hadi dari, zimejaa makaratasi na mafaili ya baba yake mwenye jengo. Mvua ilikuwa imekatika na jua la ziwa lilipiga rafu zile moja kwa moja. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na zile za mbele zilikuwa zinapukutika kama maganda ya vitunguu. Kila mtu mwenye macho angejua ni chumba gani kilichotakiwa kufunikwa.

Nilikaa juu ya boksi langu la ribiti. Nilihesabu ngazi kutoka avenue, nikahesabu kutoka chini, nikahesabu tena. Sikuwa nimekosea kipimo hata kimoja, na bado nilikuwa nimemfukuza mtu kazini kwake.

Nilimpigia simu Patron. Nilisema, "Papa, nina maulizo, na ya kwanza ilipashwa kuulizwa zamani. Njoo sasa, pale kwa maman mushonaji." Alifika haraka kuliko nilivyotaka.

Karakana ilikuwa nusu giza mchana kweupe. Cherehani zilikuwa zimefungwa, na magauni mawili ambayo hayajaisha yalining'inia kwenye msumari. Mama mshonaji alikuwa amekaa juu ya furushi, anangoja lori. Alipomwona Patron alisimama, na wanawake wake wakasimama pia.

Nilisema kabla ujasiri haujanitoka. Nilisema nilihesabu kutoka chini wakati wao wanahesabu kutoka juu. Nilisema chumba cha kufunika ni cha makaratasi, si hiki, na kwamba hakuna aliyemfukuza mama isipokuwa mimi, kwa kuwa niliona aibu kuuliza. Watu wangu walikuwa dirishani wanasikia yote.

Mama mshonaji ndiye aliyeongea.

"Maman, weye uliona haya kuuliza. Miye niliogopa. Papa yake njo aliniweka hapa, kwa mudomo tu. Sina hata karatasi moja. Toka alikufa, kila mwaka ninasema: ni huu. Nilipoona manjanja inapita, nilisema: basi, imefika."

"Ungeniuliza," Patron alisema.

"Ukiuliza batu, banakujibu."

Hapo ndipo nilipoelewa ile "sawa, maman" yake. Nilidhani ni upole. Kumbe alikuwa ameishi miaka yote ile mguu mmoja mlangoni, akitia uzi kwenye sindano huku anasikiliza nyayo za kwenye ngazi, na bamba langu lilimkuta ameshajiaga. Hasira ilinipanda, na sehemu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Papa," nikasema, "huyu maman anabaki ao anaenda?"

Alizunguka chumba, akagusa bamba kwa ndani, akatazama madirisha mawili yaliyobaki, yaliyokuwa yamejaa ziwa.

"Ukweli? Na vioo vipya, kuko mwenye aliniuliza hii fasi. Sikukuwa bado nimeamua."

Mama mshonaji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyoitegemea. Mmoja wa wanawake wake alianza kulia bila sauti. Nilikuwa na mengi ya kumwambia Patron, na mengine hayafai kuandikwa, lakini nilibana meno. Neno lilikuwa lake. Alisogea msumarini, akagusa pindo la gauni moja.

"Baba yangu hakukosea kukuweka," akasema mwishowe. "Unabaki, maman. Kwa bei ile ile ya zamani. Yule mwingine nitamutafutia ingine fasi."

"Andika," mama mshonaji akasema.

Patron akapapasa koti lake. Alikuwa na kalamu, hakuwa na karatasi. Mama alivuta bunda la karatasi za kahawia anazokatia vipimo vya magauni, akalitandaza juu ya furushi. Patron alipiga goti moja kwenye vumbi langu la kutoboa ukuta, na suruali yake nzuri, akaandika mistari minne, akatia sinyatire na tarehe. Mama aliisoma midomo ikicheza, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akashika mikasi iliyoning'inia shingoni, ili aikate ile sehemu yenye maneno.

Nimeona mikono mingi ya mafundi. Mikono ile ilikuwa imekata vitambaa vyeupe maisha yake yote, bila kuchora mstari, na haikuwahi kukosea. Siku hiyo mkato ulikwenda kombo, ukapanda, ukashuka, karibu ukate jina la Patron katikati. Alimaliza, akaikunja karatasi yake iliyopinda, akaitia kifuani, akabaki ameweka mkono pale pale.

Sikuweza kumtazama zaidi. Nilipitia dirishani hadi kwenye ngazi zetu za nje, nikamnyang'anya fundi wangu mashine ya kutoboa, nikaanza kung'oa ribiti za bamba la kwanza.